Kliniki ya wenye kovu, kila Alhamisi: nyota nne kwa sasa

Kliniki ya wajawazito waliowahi kupasuliwa na sasa wanataka kujaribu kuzaa kawaida: naipa nyota nne. Ya tano naishikilia mpaka nijifungue, maana leo nina wiki 38 na siku mbili na mtoto bado yumo ndani anacheza mpira. Jina la hospitali silitaji kwa sababu kuna watu wa humo nitawasema. Mkazi wa Segerea au Kinyerezi utaijua tu kwa mwembe wa getini na mama anayekaanga mihogo chini yake.

Mimi ni fundi cherehani. Mtoto wangu wa kwanza, Nasra, nilimzaa kwa kisu Dodoma, miaka mitatu na miezi miwili iliyopita, kwa sababu alitanguliza makalio. Kisu chenyewe sikukichukia. Mtoto alilia, nami nikapona. Kilichonitesa ni baada ya hapo. Cherehani yangu ni Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, na kwa miezi miwili na nusu kila nikikanyaga nasikia mshono unavutwa kama uzi uliokazwa kupita kiasi. Wateja wa sare za Januari wakahamia kwa jirani, wengine hawajarudi hadi leo. Kwa hiyo mtu akiniambia "pasuliwa tu dada, dakika arobaini umemaliza", huwa namuuliza yeye anafanya kazi gani.

Zahanati ya mtaani nilikoanzia kliniki walinitendea haki. Hudhurio la kwanza tu, sista aliandika habari ya kovu kwa wino mwekundu juu ya kadi, akaniambia, "Mama Nasra, kliniki utahudhuria hapa, lakini kuzaa huzai hapa. Hatuna thieta, chumba cha upasuaji." Wapo watakaokuambia njoo tu, Mungu atasaidia. Huyu hakunidanganya, na ndiye aliyenitia wazo la kutafuta mapema badala ya kungoja mwezi wa tisa.

Nikaanza na hospitali moja ya binafsi, ya vioo na kiyoyozi. Kumwona daktari bingwa elfu arobaini. Alikaa nami dakika nne, nilikuwa natazama saa ya ukutani, kwa hiyo hesabu ya elfu kumi kwa dakika nimeipiga mwenyewe. "Una kovu? Basi tarehe 11 tunakupasua." Tarehe 11 ningekuwa na wiki 37 na siku nne. Nikauliza mbona mapema, akasema wiki inayofuata anasafiri. Nikauliza kuhusu kujaribu njia ya kawaida, akasema hapa hatujaribu, na mkono wake ulikuwa umeshashika faili la mwingine.

Kukataa kujaribu si kosa. Hospitali isiyo na timu ya usiku ikikukatalia, inakuokoa. Nilipotoka nilimuuliza nesi swali ambalo tangu hapo nimelifanya mtihani wa kila mahali: saa nane za usiku, mwenye ufunguo wa thieta yuko wapi? Akasema mtu wa dawa ya usingizi anapigiwa simu nyumbani kwake Bunju. Wa Dar mmeshanielewa, Bunju ni mbali. Kinachonikera ni ile tarehe 11. Upasuaji wa kupanga, kama mama na mtoto hawana tatizo, husubiriwa mpaka wiki ya 39, kwa sababu watoto wanaotolewa kabla ya hapo hupata zaidi shida ya kupumua siku za mwanzo. Safari ya daktari si tatizo la mapafu ya mwanangu.

Wifi yangu ndiye aliyenielekeza kwenye hii ya mwembe. Kila Alhamisi wana kliniki ya wajawazito waliowahi kupasuliwa. Kadi ya kufungua faili elfu kumi, kumwona daktari elfu ishirini na tano, ultrasaundi elfu thelathini.

Nianze na kero nizimalize. Miadi yangu ya kwanza ilikuwa saa tatu asubuhi, nikaonwa saa saba na nusu. Mabenchi hayana egemeo, na mjamzito wa miezi minane asiyeegemea anajua mwenyewe kiuno kinavyowaka. Dada wa mapokezi hutuita kwa sauti ya kondakta wa daladala: "Wale wa kovu njooni huku!" Baba mmoja aliyeleta mtoto mwenye homa aligeuka akatutazama matumboni mmoja mmoja. Siku ya kwanza niliona aibu. Sasa tumezoea mpaka tunaitana hivyo wenyewe, wa kovu moja, wa makovu mawili, lakini yule dada bado anastahili kufundishwa.

Kero nyingine ni ya dirisha la malipo. Karatasi ya bei ubaoni inasema kujifungua kawaida 850,000, upasuaji wa kupanga 2,300,000, upasuaji wa dharura 2,600,000. Sina bima, kwa hiyo nikauliza: nikijaribu kawaida ikashindikana nikaingizwa thieta, nalipa ngapi? Mhasibu wa kwanza akajumlisha zote mbili, 3,450,000. Alhamisi iliyofuata mwingine akasema hapana, unalipia kisu peke yake. Mara ya tatu nikakataa kuondoka dirishani bila maandishi. Nikapewa karatasi yenye mhuri: upasuaji wa dharura, ukiongeza 150,000 ya leba. Yaani 2,750,000. Kliniki nzima ni ya watu wanaojaribu, halafu bei ya kujaribu haipo ubaoni! Ukienda, dai karatasi hiyo kabla uchungu haujaanza, maana uchungu ukianza hakuna mwenye nguvu ya kubishana na mhasibu.

Sasa kilichonifanya nitoe nyota nne.

Daktari ni mama wa makamo, mpole, anayeandika polepole. Alipoifungua kadi yangu ya ruhusa ya Dodoma alishusha pumzi. Imeandikwa herufi mbili zenye mstari katikati, C/S, yaani kisu, na neno la kusema mtoto alitanguliza makalio, basi. Akageuza fomu ya maabara akachora nyuma yake kitu kama parachichi lililopinduliwa, kikonyo chini. Hiki ni kizazi, akasema. Huku juu ndiko kunakosukuma, msuli mnene. Huku chini ni pembamba na hakuvuti sana. Ukikatwa mstari wa kulala huku chini, kovu linatulia. Ukikatwa wima mpaka huku juu, kovu linakaa mahali panapokazwa kila uchungu ukija, na kwa kovu la namna hiyo hatujaribu njia ya kawaida.

Nikamwonyesha kovu langu la tumboni, la kulala, zuri kabisa, nikidhani nimemaliza kesi. Akatikisa kichwa. Ngozi inaweza kukatwa hivi na kizazi kikakatwa vile. Hapo nikaelewa bila maelezo zaidi, kwa sababu mshono wa nje wa koti haukwambii bitana imeshonwaje. Lazima ulifungue au umtafute fundi aliyelishona.

Tukamtafuta fundi. Kaka yangu yuko Dodoma, akaenda masjala ya hospitali ile. Mara ya kwanza faili halionekani. Mara ya pili mwenye masjala yuko msibani. Mara ya tatu alikaa kutwa nzima, wakalipata chini ya rundo la mwaka mwingine, akaruhusiwa kupiga picha ukurasa wa upasuaji. Daktari aliikuza picha kwenye simu yangu akasoma kwa kidole. Mkato wa chini, wa kulala. Umefungwa tabaka mbili. Hakuna kilichochanika zaidi. Nilitamani kumkumbatia kaka yangu kupitia simu. Dada uliyepasuliwa jana au juzi, kabla hujatoka wodini waombe wakuandikie hayo mambo kwenye kadi. Ni mstari mmoja tu.

Ndipo akanipa namba. Kwa wanawake wenye kovu moja la chini wanaojaribu, kati ya 100 kama 72 hadi 75 huzaa kawaida. Waliobaki huishia thieta, na kisu cha katikati ya uchungu kina shida kuliko kisu kilichopangwa. Aliyewahi kuzaa kawaida hata mara moja hufika 85 na zaidi, ila mimi simo kwenye kundi hilo. Kwa upande wangu kuna mazuri: sababu ya kisu cha kwanza haikuwa njia kushindwa kufunguka, mtoto wa sasa ametanguliza kichwa, na pengo la uzazi limepita ile miezi 18 wanayoihofia. Kizazi kuchanika penye kovu ni kama mama mmoja kati ya 200. Akaongeza kwamba hesabu hizo zimepigwa zaidi nchi ambazo mashine na damu vipo muda wote, kwa hiyo nizishike kwa tahadhari.

Mmoja kati ya 200. Nilirudi dukani na namba hiyo kichwani. Januari hii nilishona sare 200 na kidogo za shule. Ikarudi moja tu, imechanika kwapani. Ni wastani mzuri kwa fundi yeyote, na bado nakumbuka ilikuwa ya mtoto gani.

Swali lililomfanya Baba Nasra aache kuchezea simu lilikuwa hili: "Mnataka watoto wangapi?" Hakuna mahali pengine tulipoulizwa. Yeye akasema wanne, mimi nikasema watatu, tukatazamana. Daktari akasema kisu cha pili kwa mwenye kuishia watoto wawili ni habari moja, na kwa mwenye kutaka wanne ni habari nyingine kabisa. Kila kisu kinachoongezeka kinaongeza uwezekano wa kondo la nyuma la mimba inayofuata kujishika penye kovu na kuzamia humo, na hapo ndipo akina mama hupoteza damu nyingi mpaka kizazi kutolewa. La kwangu mimba hii ultrasaundi imelionyesha liko juu, mbali na kovu. Mume wangu alikuwa upande wa kisu tangu mwanzo, kwa kuwa ndicho anachokijua, aliwahi kukisainia. Siku hiyo tuliporudi hakusema kitu mpaka Tabata Relini, halafu akaniuliza, "Kwani watatu ni wachache?"

Mkunga mkubwa wa pale ni mtu mzima, karibu anastaafu. Nilipomuuliza swali langu la ufunguo hakujibu. Aliniambia, "Vaa ndala, twende." Kutoka leba hadi mlango wa thieta ni hatua 46, nimezihesabu kwa mwendo wangu wa bata. Mlango haufungwi kwa ufunguo. Mtu wa usingizi wa zamu analala chumba cha pembeni, makubazi yake yalikuwa mlangoni. Jenereta huwashwa kujaribiwa kila Jumatatu. Nikauliza: kutoka daktari kusema "kisu" hadi kisu chenyewe, muda gani? "Nusu saa. Wiki iliyopita zilikuwa dakika hamsini, kitanda cha thieta ni kimoja na kulikuwa na mama mwingine juu yake."

Hizo dakika hamsini angeweza kuzificha. Kwa kuwa hakuzificha, ile nusu saa nimeiamini.

Lakini kitanda kimoja kilininyima usingizi wiki nzima. Hospitali kubwa ya serikali ina thieta zaidi ya moja na damu ya akiba, na gharama yake siwezi kuilinganisha na hii. Wifi yangu mwenyewe alizaa kawaida huko akiwa na kovu na anawaombea dua hadi leo. Ila aliniambia pia kwamba usiku ule mkunga alikuwa na akina mama wengi, mpaka yeye wifi akawa anamwita kwa kumpungia kanga. Mwenye kovu anahitaji jicho: mapigo ya mtoto yafuatiliwe muda wote, maana mara nyingi ndiyo yanayotoa habari kwanza kizazi kikianza kuleta shida. Hapa kwenye mwembe mkunga mmoja anashika akina mama wawili, watatu usiku ukichangamka. Nikachagua jicho. Kitanda nimekikabidhi kwa Mungu, na wachangia damu wawili nimewaandaa, mmoja ni mume wangu, mwingine fundi mwenzangu wa fremu ya pili.

Jambo jingine walilolifanya vizuri ni mama mkwe. Alikuja kutoka Tanga na chupa ya dawa ya miti ya kuharakisha uchungu, ile ambayo kwao kila mzazi hunywa. Mimi nitamwambiaje mama mkwe hapana? Nikamchukua Alhamisi nikaenda naye. Yule mkunga akampa kiti chake, "Shikamoo mama," akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba dawa ile ina nguvu kweli, na hiyo nguvu ndiyo shida: inakaza kizazi bila kipimo, na mwanao ana kovu. Hata sisi hospitali tunaogopa. Dripu ya uchungu yenyewe huongeza hatari ya kuchanika mara mbili hadi tatu, na vidonge vya misoprosto, vya kuanzisha uchungu, mwenye kovu mimba ikiwa kubwa hivi hatumpi kabisa. Mama mkwe akafikiri. Akauliza, "Sasa uchungu usipokuja?" Lilikuwa swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalifikisha mdomoni.

Jibu lake ndilo lililoandikwa kwenye karatasi iliyobanwa kwa pini ndani ya kadi yangu. Uchungu ukija wenyewe, tunajaribu. Usipokuja hadi wiki 40 na siku tano, napasuliwa, tarehe ipo, bila dripu wala vidonge. Ukija halafu njia ikagoma kufunguka, hawangoji kama wanavyongoja kwa wengine. Chini yake yameandikwa kwa Kiswahili mambo ya kunitoa nyumbani mbio: maumivu ya kovu yasiyokatika hata uchungu ukitulia, damu, maji kuvunjika, mtoto kuacha kucheza, au uchungu mkali uliokata ghafla. Hilo la mwisho mume wangu alidhani ni nafuu. Akaelezwa mara mbili kwamba huenda ni kizazi kimechanika.

Safari nimeijaribu na dereva wa bajaji wa kijiweni kwetu Kinyerezi. Saa kumi alfajiri, dakika 22. Saa moja na nusu asubuhi, saa nzima na dakika kumi, na tulipita njia za ndani. Kwa hiyo uchungu ukianza usiku siulei nyumbani mpaka kukuche. Naondoka.

Bado kitu kimoja cha kitaaluma, taaluma yangu mimi ya ushonaji. Alhamisi iliyopita sista alinipima kimo cha mimba kwa futi kama ya kwangu ya dukani, ile ya njano. Akasoma 37. Nikamwomba nione. Ncha yake ya chuma imeng'oka na kipande kimekwenda nayo, futi inaanzia moja. "Sista, hiyo ni 36." Akaitazama mbele na nyuma, akacheka, akasema ameitumia tangu mfungo. Wajawazito wangapi wamezidishiwa sentimita moja tangu mfungo sijui, na daktari aliporudia kwa ultrasaundi mtoto alikuwa sawa, kilo tatu na kidogo.

Alhamisi hii narudi saa tatu, yaani saa saba na nusu. Mkobani nimeweka kadi, karatasi ya mhuri, kanga nne, mto mdogo wa kuegemea, na futi mpya ya sista niliyoinunua Kariakoo, ncha yake ya chuma ipo.